Mwimbaji Aliyevua Vinyago: Peter Gabriel na Albamu Yake ya Kwanza

Mwishoni mwa Novemba 1974, mjini Cleveland, Marekani, Peter Gabriel aliwaambia wenzake wa bendi ya Genesis kwamba anaondoka. Ziara yao ilikuwa na siku chache tu tangu ianze Chicago, na mbele yao yalikuwapo maonyesho yapatayo mia moja, Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Albamu mpya, The Lamb Lies Down on Broadway, santuri mbili ndani ya jalada moja, ndiyo kwanza ilikuwa inaingia madukani. Bendi ilikuwa na deni kubwa, na ziara hiyo ndiyo iliyotegemewa kulipunguza. Wakamsihi avumilie hadi maonyesho yaishe, naye akakubali. Basi kwa karibu miezi sita mtu aliyekwisha kujitoa moyoni alipanda jukwaani usiku baada ya usiku, akaimba kisa cha Rael, kijana wa Kipuertoriko wa mitaa ya New York anayemtafuta ndugu yake chini ya ardhi, na watazamaji hawakujua kwamba wanaagana naye.

Siri hiyo ilitunzwa mpaka onyesho la mwisho nchini Ufaransa, Mei 1975. Ni miezi inayostahili kukumbukwa kila anapotajwa Gabriel, kwa sababu albamu aliyokuja kuitoa peke yake mwaka 1977 ilizaliwa humo, katika ile hali ya kuwa ndani ya kitu ambacho roho imekwisha kukiacha.

Genesis haikuanza kama bendi ya watu waliokutana kwa tangazo la gazeti. Gabriel, aliyezaliwa Februari 1950 katika kaunti ya Surrey, Uingereza, alisoma Charterhouse, shule ya bweni ya wana wa wenye nacho. Huko ndiko alikokutana na Tony Banks, mpiga kinanda, na Mike Rutherford na Anthony Phillips, wapiga magitaa. Walianza mwaka 1967 wakiwa bado vijana wa shule, wakitaka zaidi kuwatungia wengine nyimbo kuliko kuzipiga wenyewe. Jonathan King, aliyepitia shule hiyo hiyo na kwisha kupata jina katika biashara ya muziki, ndiye aliyewatengenezea albamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1969 na kuuza nakala chache sana. Phillips akaondoka mwaka 1970. Wakaja Phil Collins kwenye dramu na Steve Hackett kwenye gitaa, na bendi ikatulia katika sura ambayo wapenzi wake wa zamani bado wanaiapia: nyimbo ndefu za dakika kumi, ishirini, zenye visa ndani ya visa, vinanda vizito na magitaa ya nyuzi kumi na mbili.

Magitaa hayo ya nyuzi kumi na mbili yana sehemu yake katika historia hii. Yalichukua muda mrefu kurekebishwa sauti kati ya wimbo na wimbo, na ukimya ule ukumbini ulimtesa mwimbaji aliyesimama mbele hana la kufanya. Gabriel, mtu mwenye haya asipokuwa na kazi ya kuigiza, akaanza kuujaza kwa hadithi alizozibuni mwenyewe, za ajabu na za kutisha kidogo. Kutoka kwenye hadithi akaingia kwenye mavazi. Septemba 1972, mjini Dublin, alitoka nyuma ya jukwaa katikati ya wimbo akiwa amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha. Wenzake hawakuwa wameambiwa. Ukumbi uliganda kwa mshangao, na muda si mrefu picha yake ikawa kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti la Melody Maker. Bendi ambayo haikuwa ikiandikwa ikaanza kuandikwa.

Baada ya mbweha yakaja ua kubwa kichwani, mzee mwenye uso uliokunjamana na mabawa ya popo. Watu wakaja kwa wingi, na bei ya bendi ikapanda. Lakini waandishi wakaanza kuandika kana kwamba Genesis ni Gabriel na wengine ni wasindikizaji wake, hali Banks na Rutherford ndio waliokuwa wakitunga sehemu kubwa ya muziki. Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na bendi anajua jambo hilo linavyokula watu. Katika ziara ya The Lamb alivaa vazi la Slipperman, kiumbe mwenye manundu mwili mzima, lililokuwa kubwa kiasi kwamba kipaza sauti hakikumfikia mdomoni. Wapigaji walitoa jasho nyuma yake huku maneno ya wimbo yakipotelea ndani ya mpira. Kinyago kilichomsaidia kuimba sasa kilikuwa kinamziba.

Mambo mawili ya mwaka ule wa 1974 yalimaliza kazi. La kwanza lilikuwa la kazi: William Friedkin, mwongozaji wa filamu ya The Exorcist, alisoma kisa cha Gabriel nyuma ya jalada la albamu moja ya Genesis akampigia simu kumtaka wafikirie filamu pamoja. Gabriel aliomba nafasi, wenzake wakakataa kusimamisha utunzi, akaondoka kwa siku kadhaa, kisha akarudi baada ya Friedkin kuona hataki kuwa sababu ya bendi kuvunjika. La pili lilikuwa la nyumbani, na ndilo zito. Julai 1974 binti yake wa kwanza alizaliwa akiwa mahututi, akawekwa kwenye mashine ya watoto wachanga hospitalini London, huku bendi ikirekodi vijijini Wales. Gabriel akawa wa barabarani, kutoka studio kwenda hospitali, kutoka hospitali kurudi studio. Wenzake, vijana wa miaka ishirini na kitu ambao wengi wao hawakuwa na watoto, walimlalamikia kwamba anachelewesha kazi. Miaka mingi baadaye Banks na Rutherford walikiri hadharani kwamba hawakumtendea utu wakati ule. Mimi nawapa heshima kwa kukiri, lakini siwezi kumshangaa mtu kwa kuondoka baada ya hapo.

Habari zilivuja Agosti 1975. Gabriel akaandikia magazeti barua ya kueleza sababu zake, na ndani yake hakumtupia mtu lawama. Alisema, kwa maneno mengine, kwamba chombo walichokiunda ili kizitumikie nyimbo zao kilikuwa kimegeuka bwana wao. Wengi walidhani Genesis imekwisha. Bendi ikajaribu waimbaji wengi, na hatimaye Phil Collins akaacha kidogo fimbo zake za dramu akasogea mbele kwenye kipaza sauti. A Trick of the Tail, albamu yao ya kwanza bila Gabriel, ilitoka mwanzoni mwa 1976 na kufika nafasi ya 3 Uingereza. Aliyekuwa na la kuthibitisha sasa ni aliyeondoka.

Naye hakuwa na haraka. Alikaa na mkewe na mtoto katika nyumba ya shamba karibu na mji wa Bath, akalima mboga, akaketi kwenye piano saa nyingi akijifundisha kutunga wimbo mzima peke yake, kazi ambayo kwa miaka minane aliigawana na wengine. Pamoja na mshairi Martin Hall aliandika nyimbo kadhaa, mmoja wakampa Charlie Drake, mchekeshaji wa televisheni aliyekuwa amepita enzi yake. Haukuuza. Lakini jaribio hilo lilikuwa na faida: hakuna mtu aliyelisikia akasema hiyo ni Genesis.

Mwaka 1976 alichagua mtayarishaji, na uchaguzi wake uliwashangaza waliomjua. Bob Ezrin alikuwa Mkanada wa rika lake, aliyejijengea jina kwa albamu za Alice Cooper na Lou Reed, mtu wa sauti kubwa, kwaya, ala za okestra, kila kitu kikiwa kimepakwa rangi mbili tatu. Walikutana Toronto, katika studio iitwayo Soundstage. Ezrin alileta wapigaji wake wa kuaminika: magitaa ya Steve Hunter na Dick Wagner, dramu za Allan Schwartzberg, kinanda cha Jozef Chirowski, na mpiga besi mmoja wa New York, Tony Levin. Hao walikuwa mafundi wa studio, watu wa kuingia asubuhi, kusikia wimbo mara moja, na kuupiga sawasawa mara ya pili. Gabriel, akiogopa kumezwa, aliomba watu wawili wa upande wake: Larry Fast, fundi wa sinthesaiza, na Robert Fripp, mpiga gitaa aliyevunja bendi yake ya King Crimson mwaka 1974 na kuupa muziki kisogo. Kwa hiyo chumba kimoja kilikuwa na Wamarekani wa roki ya viwanja vikubwa na Mwingereza anayeketi kwenye kiti kupiga gitaa kama mtu anayepiga hesabu. Fripp hakujisikia nyumbani, na hakulificha hilo. Levin ndiye aliyekaa: tangu Toronto hadi leo besi ya Gabriel kwa kiasi kikubwa ni yake.

Albamu ina nyimbo tisa, na ukizisikiliza kwa mpangilio wake utadhani ni watu tisa. Ya kwanza, "Moribund the Burgermeister", bado ina Genesis kwenye nguo zake: meya wa mji wa kale anajaribu kuelewa kwa nini wananchi wake wamekumbwa na kichaa cha kucheza, na Gabriel anaiimba kwa sauti za watu mbalimbali. Kisha kuna roki ya nguvu, "Modern Love". Kuna "Excuse Me", inayoanza kwa waimbaji wachache wanaopatanisha sauti bila ala, mtindo wa vinyozi wa Marekani wa zamani, halafu Levin anaingia na tuba. Kuna bluzi ndefu ya baa usiku wa manane. Kuna "Down the Dolce Vita", ambayo London Symphony Orchestra nzima imeitwa kuipiga. Mtu aliyekuwa akibadili nyuso jukwaani alikuwa sasa anabadili mitindo studioni. Wakosoaji wengine walimsifu kwa upana wake. Mimi naona humo woga pia: mtu ambaye hajajua sauti yake ni ipi hujaribu zote. Okestra ya "Down the Dolce Vita" ni ya kuvutia kwa dakika moja, baada ya hapo inachosha, na bluzi ile ingetosha nusu ya urefu wake.

Lakini wimbo wa pili, "Solsbury Hill", ni jambo lingine kabisa.

Solsbury Hill ni kilima kidogo cha majani mashariki ya Bath, juu yake kuna mabaki ya boma la Zama za Chuma. Gabriel alikuwa akiishi karibu nacho. Wimbo unamsimulia mtu aliyepanda kilima usiku, akaona taa za mji chini, akajiwa na sauti inayomwita nyumbani, na akarudi chini akijua kwamba maisha aliyokuwa akiyaishi hayawezi kuendelea. Gabriel hamtaji mtu, haitaji bendi, hana kisasi. Baadaye Gabriel alieleza kwamba wimbo unahusu kuwa tayari kupoteza ulichonacho kwa ajili ya kile unachoweza kukipata, na kila mtu aliyeusikia alijua alichokipoteza ni nini.

Ufundi wake uko kwenye hesabu. Wimbo wa kawaida wa roki unahesabika moja, mbili, tatu, nne, na mguu wa msikilizaji unajua pa kukanyaga. Huu unahesabika hadi saba. Steve Hunter anadonoa gitaa la kawaida, lisilo la umeme, kwa vidole, mdundo wa chini unatembea sawasawa kama mtu anayepanda mlima bila kukimbia, na kila unapotarajia pigo la nane, halipo. Mzunguko umekwisha kuanza tena. Hicho kipungufu kimoja ndicho kinachousukuma wimbo mbele. Msikilizaji asiyejua kuhesabu mapigo hatakitambua, ila atahisi kwamba kuna kitu kinamvuta na hakimwachi atue. Genesis walikuwa mabingwa wa mapigo ya kupindapinda, na walikuwa wakitaka uyaone. Hapa Gabriel ameuchukua ujuzi ule ule akauficha ndani ya wimbo ambao mtoto anaweza kuuimba. Ni mwishoni mwa kila kiitikio tu mapigo yanapotulia kidogo kwenye nne, na sauti yake inapaa juu ya magitaa kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa. Katika albamu nzima hapo ndipo Ezrin alipojizuia, na hapo ndipo albamu ilipopona.

Wimbo wa mwisho, "Here Comes the Flood", una historia yake ya kuhuzunisha. Gabriel alisema aliutunga wakati amezama kwenye redio ya masafa mafupi. Alistaajabia jinsi mawimbi yanavyopata nguvu jua linapotua, stesheni za mbali zikisikika ghafla kana kwamba ziko chumba cha pili. Wasomaji wetu waliokulia kwenye redio ya mkulima, wakingojea magharibi ifike ili stesheni ya London au ya Cologne ishike vizuri, hawahitaji kuelezwa zaidi. Gabriel alijiuliza: ingekuwaje kama mawazo ya watu nayo yangefunguka hivyo, kila mtu akasikia yaliyo moyoni mwa mwenzake? Waliozoea kusema kweli wangeokoka, waliojificha wangezama. Ni wazo la mtu mmoja na piano. Ezrin akalivika magitaa ya umeme na ngoma za kishindo, na gharika ikawa gharika ya studio. Gabriel mwenyewe aliona hivyo. Mwaka 1979 aliuimba upya kwenye albamu ya Fripp, Exposure, kwa ala chache mno, na mwaka 1990 aliurekodi tena kwa piano, kwenye mkusanyiko wa Shaking the Tree. Mwanamuziki anayerudia wimbo mmoja kwa miaka kumi na tatu anatueleza bila kuficha kwamba mara ya kwanza haukukaa sawa.

Jalada lilitengenezwa na Hipgnosis, kampuni ya London iliyokuwa ikiwafanyia kazi Pink Floyd. Storm Thorgerson aliliegesha gari lake la Lancia Flavia, likamwagiwa maji, Gabriel akaketi ndani, kiti cha abiria, kichwa kimeinama nyuma ya kioo. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, kisha ikapakwa rangi kwa mkono, buluu ya baridi, na kila tone juu ya boneti likakwaruzwa ling'ae. Uso wake unaonekana kwa shida. Juu ya jalada hakuna jina la albamu, kuna jina lake tu: Peter Gabriel. Alipotoa ya pili mwaka 1978 akaiita hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne, kama matoleo ya gazeti moja, mpaka wapenzi wakalazimika kuzitofautisha kwa picha. Hii ya kwanza wanaiita "Gari".

Ilitoka mwishoni mwa Februari 1977, siku chache baada ya yeye kutimiza miaka ishirini na saba. Wakati haukuwa mzuri kwa mtu wa aina yake. Vijana wa panki walikuwa wameteka magazeti ya muziki London. Bendi ya The Damned ilitoa albamu yake ya kwanza mwezi huo huo, na kwa wafuasi wa panki mtu aliyewahi kuvaa ua kichwani na kuimba kwa dakika ishirini na tatu alikuwa mfano hasa wa walichotaka kukifagia. Hata hivyo albamu ilifika nafasi ya 7 Uingereza na ya 38 Marekani. "Solsbury Hill", iliyotolewa kama singo, ilifika nafasi ya 13 kwao na ya 68 Marekani. Hazikuwa namba za kutajirisha, lakini zilitosha kuonyesha kwamba ana wasikilizaji wake.

Ziara ilianza Machi, New Jersey. Waliokuja wakitarajia mbweha na popo walimwona mtu aliyevaa nguo za mazoezi za kijivu akiketi peke yake kwenye piano na kuanza na "Here Comes the Flood", bila Ezrin, bila kishindo. Fripp alisafiri nao, ila alipiga akiwa pembeni pasipoonekana, kwa jina la bandia la Dusty Rhodes. Nyimbo za Genesis karibu zote aliziacha. Aprili alifika London, Hammersmith Odeon, mbele ya watu waliomjua tangu zamani, na hawakumzomea.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, kwa hiyo nitayapitia mbio. Fripp alitayarisha albamu ya pili. Ya tatu, mwaka 1980, ndimo alimopata sauti yake kamili, na aliyempigia dramu kwenye baadhi ya nyimbo zake ni Phil Collins, yule yule aliyerithi kipaza sauti chake. Ilimalizia kwa "Biko", wimbo wa kumlilia Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi wa makaburu Septemba 1977. Mtu aliyekuwa akiimba visa vya mameya wa kubuni sasa alikuwa akimwimba Mwafrika mwenye jina na tarehe ya kifo. Kutoka hapo masikio yake yakageukia huku kwetu.

Julai 1982, Shepton Mallet, alishirikiana na wenzake kufanya tamasha la kwanza la WOMAD, la muziki na ngoma za dunia nzima. Wapiga ngoma wa Burundi walikuwepo, ngoma zao kubwa vichwani, na vijana wa Kiingereza waliokuja kusikiliza roki wakasimama midomo wazi. Kimuziki lilifana, kifedha liliwaangusha. Deni lilikuwa la kumfilisi, na vitisho vilimfikia yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa na jina. Hapo walijitokeza watu wasiotarajiwa. Tarehe 2 Oktoba 1982, Milton Keynes, Banks, Rutherford, Collins na Hackett walipanda jukwaani pamoja naye chini ya mvua kubwa, wakapiga nyimbo za zamani, na mapato yakaenda kulipa deni la WOMAD. Gabriel aliingizwa jukwaani ndani ya jeneza, akatoka humo mzima akaanza kuimba. Kwangu hicho ndicho kiini cha kisa chote. Aliondoka bila kutukana, na kwa hiyo mlango haukufungwa. Wengi wanaohama bendi, kwao na kwetu, huondoka kwa maneno ambayo hayarudishiki.

WOMAD ikaishi. Mwaka 1989 ikazaa lebo ya Real World, yenye studio ndani ya kinu cha zamani katika kijiji cha Box, si mbali na Bath, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyepigia Orchestra Makassy ya Dar es Salaam kabla ya kuhamia Matimila, alikuwa amekwenda Ulaya na WOMAD mwaka 1988. "Kipenda Roho" na "Muziki Asili Yake Wapi", nyimbo za Kiswahili za kumbi za Dar, zikarekodiwa kwa mitambo bora kuliko yoyote iliyokuwapo nyumbani wakati ule, na zikauzwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1992 alirudi na Mambo. Mwaka 1993 Ayub Ogada wa Kenya akatoa En Mana Kuoyo na nyatiti yake. Mwaka 1996 ikaja Chibite ya Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo, na zeze na marimba za Ugogo zikasikika bila gitaa lolote la kuzifunika.

Na kabla ya Ogada na Zawose, mwaka 1990, alikuja Geoffrey Oryema wa Uganda na albamu yake Exile, iliyotayarishwa na Brian Eno. Baba yake, waziri Erinayo Oryema, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum tarehe 16 Februari 1977, mwezi ule ule ambao Gabriel alikuwa akingojea albamu yake itoke. Kijana Geoffrey alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Miaka kumi na tatu baadaye aliimba kwa Kiacholi na Kiswahili kwenye lebo ya Gabriel, na Gabriel akaitikia nyuma yake.

Sidai kwamba "Solsbury Hill" ndiyo iliyomleta Remmy Ongala kijijini Box. Nasema kwamba Gabriel aliyebaki Genesis, akivaa vinyago na kubishana nani katunga nini, asingekuwa na nafasi wala uhuru wa kujenga studio hiyo. Albamu ya 1977 si bora kuliko zote alizotoa. Ya 1980 inaishinda, na ya 1986, So, inaishinda kwa mbali katika mauzo. Ina nyimbo mbili za kudumu na kadhaa za kujaribu. Anayetaka kuijua aanze na "Solsbury Hill", ahesabu hadi saba mpaka azoee. Kisha aache "Here Comes the Flood" ya Toronto, atafute ile ya piano ya 1990. Akimaliza, aweke Songs for the Poor Man, aisikilize kwa sauti kubwa kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.